Ncha hazijageuka, lakini lava changa ina kumbukumbu: jibu kwa mwalimu wa Chamwino

*"Shikamoo Dokta. Nafundisha jiografia kidato cha tano na cha sita katika shule moja wilayani Chamwino. Juzi niliwafundisha wanafunzi jinsi sakafu ya bahari inavyotanuka na jinsi mistari ya usumaku inavyotuonyesha umri wa miamba yake. Niliwaambia kwamba ncha za sumaku za dunia huwa zinageuka, na mara ya mwisho ilikuwa kama miaka 780,000 iliyopita. Binti mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, nimesoma kwamba wanapima kwa usumaku hata lava ya chini ya bahari yenye miaka elfu moja tu. Kama ncha hazijageuka muda wote huo, wanapimaje?' Sikuwa na jibu. Nilimwambia huenda aliyeandika alikosea tarakimu. Jambo la pili: tuna jiwe jeusi, zito, nililoletewa kutoka Katesh, chini ya Mlima Hanang. Ukilisogeza karibu na dira, sindano inahama. Vijana wameligusisha na sumaku ya spika ya redio, na inanata kidogo. Je, tunaweza kujua umri wake kwa usumaku huo? Na je, nirudi darasani nikafute niliyofundisha?"*

Marahaba, Mwalimu. Niliyoyapenda zaidi katika barua yako ni maneno ya huyo binti, kwa hiyo nianze naye. Rudi darasani umwambie kwamba tarakimu hazikukosewa. Lava ya miaka elfu moja, hata ya karne chache, imepimwa kwa usumaku, na alichouliza ndicho walichojiuliza watafiti wenyewe kabla ya kupata njia. Uliyofundisha usiyafute, ni ya kweli. Pungufu yake ni kwamba umewaonyesha saa yenye mshale wa masaa peke yake, na yeye amegundua kwamba mshale wa dakika haupo.

Mshale wa masaa ndio huo wa kugeuka kwa ncha. Mwaka 1906 Mfaransa Bernard Brunhes alieleza miamba ya kwao ambayo usumaku wake ulielekea kinyume na wa leo. Mwaka 1929 Mjapani Motonori Matuyama akaonyesha kwamba miamba ya namna hiyo ina zama zake. Kisha mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews wakaunganisha jambo hilo na sakafu ya bahari: lava inatoka kwenye mgongo wa katikati ya bahari, inapoa, inashika mwelekeo wa sumaku wa wakati ule, halafu inasukumwa pembeni na lava mpya. Ndiyo mistari unayochora ubaoni. Lakini kila kitu kilichozaliwa baada ya mgeuko wa mwisho kipo ndani ya mstari mmoja. Ukiokota jiwe humo na kuambiwa "lina umri usiozidi miaka 780,000", ni sawa na kuulizia umri wa mtoto ukajibiwa kwamba amezaliwa baada ya uhuru.

Hapa kuna dhana moja ya kurekebisha. Wengi tulifundishwa uga wa sumaku wa dunia, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku yake inafika, kana kwamba ni kipande cha sumaku kilichofukiwa katikati ya dunia, kimetulia, na siku moja moja kinapinduka. Hakuna kipande. Kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi kuna bahari ya chuma kilichoyeyuka, inayochemka na kuzunguka, na mwendo wake ndio unaozalisha umeme na uga wa sumaku. Kitu kinachotiririka hakitulii. Mwelekeo wa uga unayumba, na nguvu yake inapanda na kushuka, hata katika karne ambazo ncha ziko palepale. Tangu vipimo vya nguvu hiyo vilipoanza kuchukuliwa kwa utaratibu, miaka ya 1830 na 1840, sumaku kuu ya dunia imepungua kwa karibu asilimia 9. Miaka 2,000 hadi 3,000 iliyopita ilikuwa na nguvu kuliko leo kwa zaidi ya robo. Na kama miaka 41,000 iliyopita ilidhoofika sana, ncha zikatangatanga kisha zikarudi mahali pake. Tukio hilo linaitwa Laschamp, kwa jina la kijiji cha Ufaransa ambako lilitambuliwa kwenye lava.

Mshale wa dakika, basi, ni nguvu ya uga.

Sasa jiwe linaikumbukaje nguvu hiyo? Tuanze na kitu ambacho wanafunzi wako wanakiona kila kiangazi: tanuri ya matofali ya kuchoma. Udongo wetu mwekundu una chembe za madini ya chuma. Tanuri ikiwaka usiku kucha, chembe zile zinapata moto kiasi kwamba usumaku wake unapotea. Kila aina ya madini ya chuma ina kiwango chake cha joto ambacho juu yake usumaku hausimami, nacho huitwa joto la Curie. Kwa magnetaiti, madini ya chuma yenye usumaku mkubwa, ni nyuzi 580 za Selsiasi. Moto ukizima na tofali likaanza kupoa, chembe zinaanza kujipanga kufuata uga wa dunia uliopo pale, siku ile. Joto likishuka zaidi, mpangilio unafungwa. Tofali lililojengewa ukuta Ihumwa linabeba kumbukumbu ya uga wa sumaku wa wiki lililochomwa, hata kama mafundi wamelilaza kifudifudi. Chembe hazijipangi zote kwa usawa. Uga ukiwa na nguvu, nyingi zaidi zinaufuata, na usumaku unaobaki unakuwa mkubwa. Uga ukiwa dhaifu, unakuwa mdogo. Kwa hiyo tofali halikumbuki upande peke yake, linakumbuka na kiasi.

Lava ni hivyo hivyo, na lava ya chini ya bahari ina bahati ya pekee. Inatoka ikiwa na nyuzi kama 1,200, kwenye kina cha kilomita mbili na nusu, inakutana na maji ya nyuzi mbili tu. Ngozi yake ya nje haipati hata nafasi ya kuota fuwele, inaganda papo hapo na kuwa kioo cheusi, unene wa sentimita moja hivi, juu ya mabonge yenye umbo la mito ya kulalia. Ndani ya kioo hicho kuna chembe za magnetaiti ndogo mno, hazionekani kwa darubini ya kawaida. Udogo huo ndio faida yenyewe, kwa sababu chembe kubwa hugawanyika ndani kwa ndani kuwa na maeneo ya sumaku yanayovutana, na kumbukumbu yake inakuwa ya kigeugeu. Chembe ndogo hushika neno moja na kulitunza.

Namna ya kuisoma ilipangwa vizuri na Émile na Odette Thellier, mume na mke, Ufaransa, katika kazi yao maarufu ya mwaka 1959. Walikuwa wakipima matofali na vyungu vya kale! Kipande cha kioo kinapashwa moto kidogo kidogo, hatua kwa hatua. Katika kila hatua kinapoteza sehemu ya usumaku wake wa asili, na mpimaji anaandika kimepoteza kiasi gani. Kisha kinapashwa tena mpaka joto lilelile, lakini safari hii kinapoa ndani ya uga wa maabara ambao nguvu yake inajulikana, na mpimaji anaandika kimepata kiasi gani. Tuseme uga wa maabara ni mikrotesla 40 (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya uga), na kipande kilipoteza sehemu sita za usumaku wa asili kikapata nne za maabara. Sita kwa nne ni moja na nusu, mara 40 ni 60. Kwa hiyo uga uliokuwepo lava ilipoganda ulikuwa mikrotesla 60. Hesabu yenyewe kidato cha kwanza wataifanya, kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba moto wa maabara haujabadilisha madini ya kile kioo. Ndiyo maana hurudi nyuma mara kwa mara kupima upya kwa joto la chini na kuona kama jibu ni lilelile. Lisipokuwa lilelile, kipande kinatupwa. Vingi hutupwa.

Utauliza kwa nini hawatumii mwelekeo, ambao ungekuwa ushahidi wa ziada. Nchi kavu wanautumia, kwa sababu unaweza kuchora alama juu ya jiwe kabla ya kulikata: kaskazini huku, juu huku. Chini ya bahari, mkono wa chuma wa nyambizi unamega kipande gizani, au chombo kinaburutwa kwa kamba ndefu. Kikifika juu, hakuna anayejua kilikuwa kimeelekea wapi. Nguvu haihitaji kujua hilo.

Nimekuwa nikisema "umri" kana kwamba unatoka wenyewe. Hapana, na hapa naomba uwe mwangalifu sana utakapowaeleza vijana. Kioo hakitoi umri, kinatoa nguvu ya uga. Umri unapatikana kwa kulinganisha nguvu hiyo na kumbukumbu zilizokwisha kupangwa kwa miaka, kutoka kwenye vyungu, tanuri za kale na lava za nchi kavu ambazo tarehe zake zinajulikana kwa njia nyingine. Fikiria Bwawa la Mtera. Mtu akikuletea picha ya alama ya maji kwenye ukuta wa bwawa na kukuuliza ilipigwa lini, utakwenda kwenye daftari la vipimo kutafuta siku maji yalipofika pale. Utazipata siku kadhaa: maji yalifika hapo yakipanda na yalifika hapo yakishuka, mwaka huu na miaka mingine. Uga wa sumaku una tabia hiyohiyo. Kabla ya kile kilele cha miaka 2,000 hadi 3,000 iliyopita, kama miaka 5,000 na zaidi nyuma, nguvu ilikaribiana na ya leo. Kioo kikikupa nguvu kama ya leo, kinaweza kuwa cha juzi au cha miaka elfu kadhaa. Lazima ushahidi mwingine uingie: lava ipi imelala juu ya ipi, tope la bahari limejaa kiasi gani kwenye nyufa, kioo bado kinang'aa au kimeanza kufifia. Hata mambo yote yakienda vizuri, jibu huja na wigo wa karne kadhaa. Kwa mtu wa jiolojia huo ni mshale wa dakika kweli, lakini si cheti cha kuzaliwa.

Kuna jambo jingine linalosumbua, na mafundi wa tanuri watalielewa upesi. Uga uliopo mahali lava inapopoa si wa dunia tu. Lava ya zamani iliyoizunguka nayo ni sumaku, inaongeza hapa na kupunguza pale, na inaweza kuhamisha jibu kwa mikrotesla kadhaa. Njia nzuri ya kujua ukubwa wa kosa hilo ni kupima lava ambayo siku yake ya kuzaliwa inajulikana. Katika mgongo wa mashariki mwa Pasifiki, karibu na nyuzi 9 na dakika 50 kaskazini mwa ikweta, watafiti walioshuka kwa nyambizi iitwayo Alvin mwaka 1991 walikuta lava imetoka punde tu. Mahali hapohapo palilipuka tena kati ya mwaka 2005 na 2006. Kioo cha namna hiyo kinatakiwa kitoe uga wa siku zetu. Kikitofautiana, tofauti hiyo ndiyo inayokufundisha usijiamini kupita kiasi.

Mahali hapo pia panajibu swali ambalo naamini binti yako ataliuliza baada ya hili: kwa nini wasipime tu umbali kutoka kwenye mgongo? Pande mbili zinaachana pale kwa kasi ya sentimita 11 hivi kwa mwaka, yaani kila upande unasogea sentimita tano na nusu. Kwa miaka elfu moja ni mita 55, chini ya urefu wa uwanja wa mpira. Ukikuta lava kilomita mbili kutoka kwenye mgongo, hesabu ya umbali itakwambia ina zaidi ya miaka 36,000. Lakini lava ni kimiminika. Inaweza kutoka leo, ikatiririka kilomita moja au mbili mtelemkoni na kulala juu ya sakafu ya zamani. Umbali unakupa umri wa sakafu, haukupi umri wa lava iliyolala juu yake. Bila kutenganisha hayo mawili huwezi kujua mlima wa chini ya bahari unalipuka kila baada ya miaka mingapi, na kwa watu wanaochunguza volkano hilo ndilo swali kubwa.

Njia nyingine zipo, ila kila moja inakwama kwenye lava changa ya baharini. Kaboni 14 inataka kitu kilichokuwa hai, mkaa au mfupa. Potasiamu na agoni ni njia bora kwa miamba mizee, lakini potasiamu yenye mnururisho, ambayo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, hupungua nusu kwa miaka bilioni 1.25, kwa hiyo katika miaka elfu chache agoni inayozaliwa ni kidogo mno. Lava ya migongo ya bahari ina potasiamu haba tangu mwanzo, na mgandamizo wa maji huzuia agoni ya zamani isitoke wakati wa kuganda, ikachafua hesabu. Inayosaidia zaidi ni ukoo wa urani, yaani urani na elementi zinazozaliwa nayo inapopungua: radiamu 226, kwa mfano, hupungua nusu kila miaka 1,600, kipimo kinachofaa kabisa kwa miaka elfu kadhaa. Njia hiyo na ya usumaku zikikubaliana juu ya kioo kimoja, mimi huamini. Zikipingana, nasubiri.

Na usidhani lava changa ni habari ya bahari za mbali tu. Mkoani Tabora kuna vilima vya Igwisi, volkano ndogo za kimbalaiti, mwamba wa jamii ileile inayobeba almasi ya Mwadui. Zimepimwa na kuonekana zina kama miaka 12,000 tu, na hakuna volkano ya kimbalaiti inayojulikana duniani iliyo changa kuliko hizo. Umri wake ulipatikana kwa heliamu inayojikusanya ndani ya madini pale miali kutoka angani inapoyapiga kwa miaka mingi. Waulize wanafunzi kwa nini njia hiyo haifai chini ya bahari. Kilomita mbili za maji ni mwavuli usiopenywa na mwali wowote wa namna hiyo. Wakilipata hilo wenyewe, wameelewa somo.

Sasa jiwe lako la Katesh. Nitakuwa mkweli: kwa usumaku wake huwezi kupata umri, na sababu ziko tatu. Kuhama kwa sindano kunathibitisha tu kwamba lina magnetaiti ya kutosha. Jiwe la jana na la miaka milioni vyote vinaweza kufanya hivyo. Pili, halikuwekewa alama ya mwelekeo kabla ya kung'olewa, na huenda liliokotwa likiwa tayari limebiringika. Tatu ni ile sumaku ya spika. Nguvu yake ikigusa jiwe ni mara mamia ya uga wa dunia, nayo imeandika maandishi mapya juu ya yale ya zamani. Msilaumiane, kila mtu hujaribu hivyo mara ya kwanza. Maabara inaweza kusafisha sehemu ya uchafu huo, lakini jiwe lililoguswa hivyo halifai tena kwa kipimo cha nguvu ya kale. Radi hufanya kosa hilohilo. Ukipanda na dira kwenye vilima vyetu vya matale hapa Dodoma, kuna sehemu sindano itayumba kwa hatua mbili tatu tu, na mara nyingi ni pale radi ilipopiga mwamba.

Kama shauku yenu ni umri hasa, habari njema ni kwamba lava za Hanang, za aina inayoitwa nefelinaiti, zina potasiamu nyingi kuliko zile za baharini, na njia ya agoni inazifaa. Lakini gharama yake si ya mfuko wa shule, na sampuli kwa kawaida husafirishwa nje ya nchi, jambo linalotaka kibali. Ningekuwa wewe, nisingeanzia huko. Ningelipeleka jiwe kwa wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, makao yake makuu yapo hapahapa Dodoma, au kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dodoma, nikawaomba walitambue kwa macho na kwa kipande chembamba chini ya darubini. Andikeni barua ya shule kwanza, mwombe kuja na wanafunzi wachache. Na kama kuna mtu anawaambia kwamba jiwe kuwa zito na kuvuta sindano ni dalili ya madini ya thamani, msitoe hata shilingi kabla ya kwenda huko.

Kuna jambo moja linalonigusa moyoni katika haya yote. Daftari la bwawa nililolitaja, lile la kulinganishia, limejaa kurasa za Ulaya. Za Afrika kusini mwa ikweta ni chache sana, na hivyo kila anayelinganisha lava ya upande wetu analazimika kukisia zaidi. Watafiti wamepata kurasa chache nzuri kutoka bonde la Limpopo, kwenye sakafu za vibanda na maghala ya nafaka yaliyoungua karne nyingi zilizopita, udongo ukaiva kama tofali. Nchini kwetu kuna tanuri za kufua chuma za Kagera zenye takriban miaka 2,000. Kuna vyungu vilivyovunjika, kuna majiko ya kale. Kwa hiyo wanafunzi wako wakikuta mahali pa kale penye udongo ulioungua, wasichimbe na wasibebe kitu. Wapige picha, waandike mahali palipo, watoe taarifa. Kipande kilichohamishwa kimeshapoteza nusu ya neno lake.

Kwa kipindi chako kijacho, chukua sindano mbili za kushonea. Moja isugue kwa sumaku kuelekea upande mmoja mara thelathini, ining'inize kwa uzi katikati, mbali na meza ya chuma, uone inaelekea wapi. Nyingine isugue vilevile, kisha ishike kwa koleo ndani ya moto wa mkaa mpaka iwe nyekundu ing'ae, iache ipoe, halafu ining'inize. Joto la Curie la chuma ni kama nyuzi 770, kwa hiyo wekundu hafifu hautoshi, puliza mkaa. Ile ya kwanza itashika kaskazini. Ya pili itakuwa imesahau ulichoifundisha. Mpe yule binti aishike yeye hiyo koleo, mkiwa na ndoo ya mchanga karibu, na uniandikie alichouliza baada ya hapo.